Ziara Si Marejeo

Yako maneno mawili ambayo watu wengi siku hizi huyatumia kana kwamba ni neno moja: ziara na marejeo. Ziara ni safari ya mtu aendaye mahali kuona na kuonwa, kisha akaenda zake. Marejeo ni safari ya mtu arudiye mahali penye haki juu yake. Aliyezuru huulizwa habari za njiani. Aliyerejea huulizwa alichorudi nacho. Swali la kwanza ni la adabu, na mtu yeyote aweza kulijibu akiwa amesimama mlangoni. Swali la pili ni la deni, na halijibiwi ila kwa kufungua mzigo. Wasomi waliopata kukaa katika nchi hii, wakaondoka, na wakazoea kurudi siku za likizo, wameulizwa swali la kwanza mara nyingi mno. La pili hawajaulizwa vya kutosha, na wakati wa kuliuliza unapita.

Desturi yenyewe ni mashuhuri. Vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani hufunga masomo yake kati ya Mei na Julai, na havifungui tena mpaka miezi miwili au mitatu ipite. Katika nafasi hiyo msomi mwenye mvi hukumbuka nyumba zake za zamani. Huyu alizaliwa na wazazi wamisionari akajifunza kutembea katika ua wa misheni. Yule alifundisha hesabu katika shule ya sekondari siku za ujana wake. Wa tatu alikaa miaka miwili akikusanya maneno ya wazee ili apate shahada ya udaktari. Wote sasa ni maprofesa. Msomi wa namna hii huteremka Dar es Salaam, hufuata barabara kuu iendayo Zambia, hufika Makambako ambako barabara na reli ya TAZARA hukutana, hugeuka kusini kwenda Njombe, kisha huikwea milima ya Makete mpaka Tandala. Akifika huitafuta nyumba aliyokaa. Huupiga picha mti aliouacha mche na ambao sasa umepita paa. Huonyeshwa makaburi ya watu aliowafahamu. Siku ya Jumapili husimamishwa kanisani akaimbiwa, hupewa kuku, na hulia machozi ambayo hapana sababu ya kuyatilia shaka. Baada ya juma moja huondoka. Kabla masomo hayajaanza tena kwao, amekwisha andika makala nzuri juu ya nyumba zake za zamani, juu ya kupita kwa miaka, na juu ya ukarimu wa watu maskini. Makala hiyo husomwa na watu wengi. Miongoni mwao hayumo hata mmoja wa wale waliompa kuku.

Hapa haliandikwi neno la chuki juu ya mgeni. Watu wa Njombe na Makete, Wabena, Wapangwa, Wawanji na Wakinga, hawana sifa ya kufukuza watu mlangoni, wala haifai kuwafundisha sifa hiyo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo ina sehemu mbili, na wanaoipenda sehemu ya kwanza hawana ruhusa ya kuisahau ya pili. Haikusema mgeni njoo, mgeni apone. Mgeni ambaye kila mara ajapo hupona yeye, akaondoka na moyo uliotulia na makala iliyokamilika, na mwenyeji akabaki vile vile alivyokuwa, hakutimiza methali, ameigeuza.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni majira. Msomi huyu husema amekuja katika likizo yake ya kiangazi. Neno hilo ni kweli kwao, wala si kweli Tandala. Juni na Julai katika milima ya Makete si kiangazi cha joto. Ni kipupwe, tena kipupwe kikali. Asubuhi majani hufunikwa na sakitu, yaani umande ulioganda, na viazi visivyovunwa mapema huungua kwa baridi. Mvua zimekatika, anga ni safi, njia ni kavu, mavuno yamo ghalani au yanaingizwa. Hayo ndiyo ayaonayo mgeni mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kalenda ya chuo chake haimruhusu kuona mengine. Haioni miezi ya masika, ambapo njia za kwenda vijijini hugeuka tope, hata kama barabara kuu ya kutoka Njombe kwenda Makete imekwisha tiwa lami. Haioni Januari na Februari, ambapo mahindi yangali machanga na chakula cha mwaka uliopita kimepungua. Hanywi ulanzi ungali mbichi, maana mwanzi hugemwa wakati wa mvua. Hata nyanda za Kitulo, zilizofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, humwonyesha nyasi kavu, kwa kuwa maua yake huchanua mvua inaponyesha.

Yamkini mtu atasema kuwa hili ni jambo dogo. Si dogo. Mtu aujuaye mji kwa Julai zake kumi hajaujua kwa miaka kumi. Ameujua kwa Julai moja iliyorudiwa mara kumi. Kutokana na Julai hiyo huandika kwamba Tandala ni mahali pa utulivu, kwamba maisha ya huko ni ya polepole, kwamba watu wana nafasi ya kukaa na kuzungumza. Watu wana nafasi ya kukaa na kuzungumza kwa sababu wamevuna. Angekuja Desemba wakati wa palizi, ambapo mama huondoka nyumbani kabla ya jua na kurudi baada yake, asingepata mtu wa kumsimulia utulivu. Wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kipupwe si wakati wa kutoa majembe, na pengine hiyo ndiyo sababu msomi huyu hajapata kupewa lake.

Lakini majira ni jambo la juu juu; liko jambo la ndani yake. Tandala haikuanza kuandikwa jana. Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, na kabla ya karne hiyo kwisha walikuwa wamekwisha panda milima na kuingia Ukinga, ambako Bulongwa na Tandala vikawa vituo vyao. Mwaka 1905 mmisionari R. Wolff alichapisha mjini Berlin sarufi ya Kikinga pamoja na masimulizi na orodha ya maneno, yote yakiwa yamefasiriwa kwa Kijerumani. Mwaka huo huo vita vya Maji Maji vilifika Njombe, na mwezi wa Septemba kituo cha misheni cha Yakobi kikashambuliwa. Habari hizo nazo zikaandikwa na kupelekwa Berlin, ambako kumbukumbu za misheni ile zimehifadhiwa hata leo. Mwaka 1966 George Park alichapisha utafiti wake juu ya makuhani wa Kikinga na siasa za tauni. Mwaka 1971 Marcia Wright alitoa kitabu juu ya misheni za Kijerumani katika Nyanda za Juu za Kusini. Mwaka 2005 James Giblin, kwa kushirikiana na Blandina Kaduma Giblin, alitoa historia ya familia za Njombe na namna zilivyojikinga na serikali katika karne ya 20. Mwaka 2009 Jamie Monson alitoa historia ya reli ya TAZARA, ambayo Makambako ni mojawapo ya vituo vyake.

Hizi ni kazi za watu waliotaabika, na baadhi yao walisikiliza wazee kwa heshima kuliko walivyosikilizwa na watu wa serikali. Hapana mmoja wao anayeshitakiwa hapa. Kinachoshitakiwa ni utaratibu uliowazaa wote. Tazama lugha zake: Kijerumani, kisha Kiingereza. Kila kitabu kilitoka katika lugha ya msomaji wa mbali. Kila neno lililosemwa kwa Kikinga, Kibena au Kiswahili lilivuka bahari ili liwe elimu, na lilipokwisha kuwa elimu halikuona haja ya kuvuka tena. Matokeo yake ni kwamba Tandala inajulikana zaidi kwingine kuliko inavyojijua yenyewe. Mwanafunzi wa Iowa aweza kuingia maktaba ya chuo chake akasoma juu ya wazee wa Njombe mpaka macho yachoke. Kijana wa sekondari ya Makete, ambaye wazee hao ni babu zake, akitaka habari zile zile atapaswa kwanza kujifunza lugha nyingine, kisha kuwa na fedha ya kitabu, kisha kujua kwamba kitabu kipo. Masharti matatu ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe!

Jambo hili lingekuwa la huzuni tu, si la hatari, kama wazee wangekuwa wangali hai na kizazi kilichowafuata kingekuwa kimepokea urithi wao. Haikuwa hivyo. Ukimwi uliingia katika milima hii ukakaa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Njombe, kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, karibu 15 walikuwa na virusi, ilhali kwa nchi nzima idadi ilikuwa karibu watu 5. Uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 bado uliuweka Njombe mbele ya mikoa mingine, kwa asilimia 12.7. Makete ilipata kuitwa wilaya ya yatima, na haikuitwa hivyo kwa mzaha. Waliokufa walikuwa baba na mama: kizazi cha kati, kile ambacho kazi yake ni kupokea neno kutoka kwa babu na kulifikisha kwa mjukuu. Daraja lilikatika katikati. Babu waliobaki walilea wajukuu kwa nguvu zilizokuwa zimekwisha, na waliposhindwa na uzee waliondoka na mengi ambayo hawakupata wasaa wa kuyasema.

Sasa msomaji na apime uzito wa daftari za watafiti. Wakati ziliandikwa zilikuwa nakala, na asili yake ilikuwa katika vichwa vya watu wa Tandala, Bulongwa, Yakobi na Njombe. Leo, kwa mambo mengi, asili imekufa na nakala imekuwa asili. Jina la ukoo, mpaka wa shamba la tambiko, sababu ya ndugu wawili kugawana mlima, wimbo wa kufulia chuma, dawa na miiko yake: kama mzee alimwambia mtafiti na mtafiti akaandika, basi neno hilo liko katika sanduku mahali fulani ng'ambo, na haliko penginepo. Yatima wa Makete ambaye hakumwona babu yake aweza kuwa na sauti ya babu huyo katika kanda iliyo juu ya kabati la profesa. Profesa huyo anapokuja Julai na kumpa mtoto huyo kalamu na pipi, ampa kila kitu isipokuwa kilicho chake.

Watu wa nyanda hizi wanajua kwamba kilichochukuliwa chaweza kurudishwa. Mtwa Mkwawa wa Uhehe alijiua mwaka 1898 asitekwe na Wajerumani, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Kurudishwa kwa fuvu lake kuliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Na ingawa ilichukua miaka mingi, mwaka 1954 gavana Edward Twining alilileta Kalenga, ambako lingali linaangaliwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa mambo yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji. Haya ni mema. Lakini yaonyesha pia kasoro ya dai lenyewe. Dunia imekwisha kubali kwamba mifupa ina mwenyewe. Haijakubali bado kwamba maneno yana mwenyewe. Fuvu likikaa katika makumbusho ya watu wengine huitwa aibu. Masimulizi ya mzee yakikaa katika makumbusho yale yale huitwa utafiti.

Ziko hoja za kumtetea msomi wa likizo, na haki inataka zisikilizwe. Hoja ya kwanza husema kwamba huja kwa mapenzi, na mapenzi hayadaiwi ushuru. Hapana shaka juu ya mapenzi yake. Lakini mapenzi yasiyo na wajibu ni mapenzi ya mtu kwa kumbukumbu zake mwenyewe, si kwa watu waliomo ndani yake. Mtoto aliyelelewa na shangazi, akapata cheo, akawa anarudi kila mwaka kutazama tu chumba alicholala, asijue kwamba shangazi ana njaa, haambiwi kuwa ana mapenzi makubwa.

Hoja ya pili husema kwamba haji mikono mitupu: huleta fedha ya paa la kanisa, dawa za hospitali, karo ya watoto wawili watatu. Na hayo ni kweli mara nyingi, nayo yashukuriwe. Lakini sadaka na deni ni vitu viwili. Mtu aliyeazima ng'ombe wa jirani halipi kwa kumletea chumvi, hata chumvi ikiwa nyingi. Msomi hakupata cheo chake kwa paa la kanisa. Alikipata kwa maneno ya watu. Deni la maneno hulipwa kwa maneno. Tena sadaka ina tabia ya kumfunga mdomo mwenyeji, kwa maana nani atamdai kitabu mtu aliyetoka kulipa karo ya mwanawe?

Hoja ya tatu ni ya watu wenye elimu nyingi. Husema kwamba elimu ni mali ya ulimwengu mzima, haina taifa wala kijiji, na Kiingereza ndiyo njia yake kuu kwa sasa. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli, nayo ndiyo inayoiangusha ya pili. Ikiwa elimu ni mali ya ulimwengu mzima, basi Tandala ni sehemu ya ulimwengu. Mali ya wote isiyomfikia yule aliyeitoa si mali ya wote. Ni mali ya wote isipokuwa yeye. Wala isisemwe kwamba Kiswahili hakiwezi kuubeba mzigo huo. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kukisanifu Kiswahili ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili mwaka 2009. Tasnifu za shahada ya udaktari zimekwisha andikwa kwa Kiswahili, zikatetewa kwa Kiswahili, zikafaulu. Lugha iliyoweza kuchambua sarufi yake yenyewe yaweza kumweleza Mkinga historia ya Ukinga.

Aidha, wako wageni walioonyesha njia bora, na kuwasahau ni dhuluma. J. W. T. Allen, Mwingereza, alizunguka pwani katika miaka ya 1960 pamoja na mkewe akikusanya hati za tenzi na kanda za sauti. Angeweza kuzipeleka kwao. Wengi kabla yake walifanya hivyo. Yeye aliziweka katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake iliyochapwa mwaka 1970 inaeleza kila hati iliyomo. Mwanafunzi wa leo anayetaka kusoma utenzi wa zamani hana haja ya viza. Mlinganishe na Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alikaa na Wanyakyusa, majirani wa Wakinga upande wa pili wa mlima, hadi mwaka 1938. Mwaka 1955 alirudi Rungwe, na kurudi kwake hakukuwa kwa machozi tu: alikwenda kuuliza upya, kusahihisha na kuongeza, na kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya matambiko ya jamii kikanufaika kwa safari ile. Huo ni mfano wa marejeo ya akili. Hata hivyo karatasi zao ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Zimetunzwa vizuri, na watunzaji wake wanastahili shukrani. Lakini kutoka Rungwe mpaka Cape Town ni mbali mno kwa mtu anayetaka kusoma jina la babu yake. Tofauti ya Allen na Wilson si tofauti ya bidii wala ya heshima. Ni tofauti ya swali moja: kitu hiki kitalala wapi?

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, lawama zote zikiwa zimepanda ndege na kuondoka na mgeni. Lakini wako wasomi wengine wa likizo ambao hawahitaji viza. Ni wana wa nchi. Wamezaliwa Tandala, Ikuwo, Lupila, Uwemba. Wamesomeshwa kwa viazi na pareto ya wazazi wao. Sasa wanafundisha Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi, Uingereza na Marekani. Nao wana nyumba za zamani, na nyumba hizo zina watu ndani. Huenda msibani na harusini, hukaa siku mbili, hulalamikia baridi, hurudi. Wakiandika juu ya bibi zao, huandika kwa Kiingereza, katika majarida ambayo bibi hangeyaona hata kama angejua kusoma, kwa kuwa vyeo katika vyuo vikuu hupimwa kwa majarida ya mbali. Mgeni aliyelipeleka neno la Tandala ng'ambo alikuwa na udhuru wa kuwa ng'ambo ni kwao. Mzalendo alipelekaye huko huko ana udhuru gani?

Jambo hili si jipya. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam walitumwa katika likizo yao kwenda vijiji vya kusini kuwauliza wazee juu ya Maji Maji, chini ya uongozi wa Gilbert Gwassa na John Iliffe. Ilikuwa kazi adhimu: walioulizwa walikuwa mashahidi au wana wa mashahidi, na miaka michache baadaye wengi wao hawakuwapo. Ilikuwa likizo iliyotumika kama likizo za wasomi zipaswavyo kutumika. Lakini taarifa zilizokusanywa mwaka 1969 ziliandikwa kwa Kiingereza, na vijana waliokuwa wamesikia kwa Kiswahili na kwa lugha za mama zao walirudi chuoni wakafasiri kwa ajili ya mtahini. Huru ilikuwa nchi. Daftari lilikuwa bado halijapata uhuru.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote hautoki katika milima hii, bali Unguja. Abdulrazak Gurnah alizaliwa huko mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi, akawa profesa wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent. Mwaka 1994 alitoa riwaya ya Paradise, ambayo habari zake ni za pwani na bara ya nchi hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2022, kwa juhudi za Ida Hadjivayanis, riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Hesabu ni miaka 28. Mtunzi ana hiari ya lugha yake, na lawama ya miaka hiyo haimwangukii yeye peke yake. Yawaangukia zaidi wachapishaji, walimu na vyuo vya Tanzania, waliokuwa na mwana wa nyumba anayesimulia habari za nyumba, wakangoja Stockholm iwaambie kwamba anafaa kusikilizwa. Ikiwa hivyo ndivyo alivyopokewa mtunzi mkubwa, nani atashangaa kwamba hakuna aliyekimbilia kufasiri makala juu ya makuhani wa Kikinga?

Basi yafanywe nini? Dai ni jepesi kuliko hoja zake. Kwanza, kila msomi arudiye mahali palipomlea kielimu na arudi na nakala ya alichochukua: daftari, kanda, picha, kitabu. Zamani udhuru ulikuwa gharama ya karatasi na njia; leo ukurasa hupigwa picha kwa simu na kufika Tandala kabla mtu hajamaliza chai yake, na udhuru huo umekufa. Nakala zikae shuleni, au usharikani, au katika ofisi ya kata, mahali popote ambapo mtoto aweza kuingia bila barua ya utambulisho. Sheria za vibali vya utafiti huwafunga watafiti kutoa taarifa Dar es Salaam. Lakini Dar es Salaam si Tandala, na taarifa iliyofika huko haijafika kwa aliyehojiwa.

Pili, pamoja na kitabu chake cha Kiingereza, na aandike kurasa 20 za Kiswahili, azisome mbele ya watu waliomwambia au watoto wao, akubali kusahihishwa. Kuna makosa mengi katika vitabu vikubwa ambayo mama mmoja wa Makete angeyaondoa katika muda wa kuchambua maharagwe. Tatu, na aje walau mara moja katika maisha yake wakati wa mvua. Nne, vyuo vikuu vya Tanzania viache kuwatazama wageni tu, vijitazame vyenyewe: mwalimu anayeomba kupandishwa cheo kwa utafiti alioufanya kijijini aulizwe kijiji hicho kimepata nini na kwa lugha gani, na asiye na jibu asubiri mwaka mwingine.

Na dai la mwisho ni la wenyeji wenyewe. Kwaya ya Tandala ni nzuri, na haina haja ya kunyamaza. Lakini baada ya wimbo na kabla ya kuku, mzee wa baraza asimame amuulize mgeni, kwa upole wote unaostahili mtu aliyetoka mbali: Mwaka ule ulipokaa hapa ulimhoji marehemu baba yangu siku tatu, ukaandika, daftari lile liko wapi, na mwanangu atalisoma lini? Mgeni mwema hatakasirika. Pengine ataona haya, na haya si ugonjwa. Na ikiwa Julai ifuatayo atakuja na bahasha, watu wataketi waisome pamoja mpaka jioni, yatima na wazee, wakibishana juu ya majina. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu alipoondoka, atakuwa amerejea.